Kilwa kwa Kiti cha Plastiki

Kila wiki simu yangu inalia. Mara kijana wa Dar, mara binti aliyemaliza chuo cha utalii juzi tu na cheti bado kinanukia wino. "Shikamoo Mama Ratiba, tunataka kuja kusini kwa mara ya kwanza, tuone miji ya zamani, tupangie safari isiyochosha." Marahaba, wanangu. Nimestaafu kazi, mdomo haujastaafu. Badala ya kumjibu mmoja mmoja mpaka kidole gumba kiote sugu, nimeona niandike hapa, kila mtu ajisomee kwa wakati wake.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Naitwa Mwanaidi. Kwa miaka mingi nilikuwa mpanga safari kwenye ofisi moja ndogo pale Mtwara mjini, juu ya duka la vitenge, ngazi zake za mbao zilikuwa zinapiga kelele kabla mgeni hajabisha hodi. Mgeni akisema anataka kuona Mikindani, Lindi, Kilwa, mimi ndiye niliyeamua alale wapi, ale nini, avuke maji saa ngapi. Hilo jina la Mama Ratiba msidhani ni la sifa. Nilipewa kwa kejeli, maana ratiba zangu za mwanzo zilikuwa za kuua watu.

Nitawapa mfano mmoja, mcheke mmalize. Kulikuwa na mainjinia watatu waliokuja kwa kazi za gesi kule Madimba, wakapata mapumziko ya siku moja, wakaniambia wanataka kuona historia. Mimi nikajitutumua. Asubuhi Mikindani, boma, soko la zamani, misikiti, makaburi, kisha mbio mpaka Lindi, mji wa zamani, ufukweni, chakula cha mchana wakiwa wamesimama, halafu kurudi kabla jua halijazama. Niliandika mpaka dakika za kwenda msalani. Jioni nikamuuliza mmoja wao, "Haya bwana, umeona nini leo?" Akafikiri kidogo, maskini wa Mungu, akanijibu, "Nimeona mgongo wa dereva."

Dereva mwenyewe alikuwa Mzee Lukasi, na huyo ndiye mwalimu wangu, ingawa hakuna chuo kilichompa ualimu. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni kwa mama yake, wakajenga Madimba, wakapanda mikorosho, na yeye mpaka leo ulimi wake haujakubali kuitamka Mtwara kama inavyoandikwa. Kwake ni Ntwara, na mtu ni ntu, na ukimcheka anaongeza makusudi. Siku ile ya mainjinia alizima gari, akanigeukia. "Mwanaidi, hawa watu umewaleta waone nji, au umewaleta wafukuzwe?"

Nilikasirika. Nilikuwa bado mbichi, na mbichi hakanyiki. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikampelekea chai garini, nikamwambia, "Haya mzee, nifundishe." Akanifundisha. Andika vyote unavyotaka mgeni avione, alisema, halafu kata nusu. Kwa ile nusu iliyobaki, usijiulize kitu gani ni maarufu. Jiulize saa ngapi pana kivuli. Ukishajua kivuli kiko wapi asubuhi na kiko wapi alasiri, ratiba imejiandika yenyewe. Mwanzoni niliona ni maneno ya dereva anayependa kulala chini ya gari lake. Nikajaribu na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Iringa, nikampa Mikindani peke yake kwa siku nzima. Aliniletea barua ya shukrani kurasa tatu.

Sasa nyie mna ramani kwenye simu. Nzuri, sikatai, hata mimi ninayo na mwanamke wa ndani yake ananiambia nigeuke kulia palipo na ukuta. Lakini ramani haikwambii kwamba njia hii ina mchanga wa kuzama kifundo. Huku kwetu ukitaka kujua umbali, uliza mtu, na usisikilize neno, sikiliza urefu wake. Akikwambia "pale", nenda, umefika. Akisema "paale", kunywa maji kwanza. Akisema "paaaaale", na mkono ukapanda juu na kidevu kikafuata, wanangu, rudini mkatafute bodaboda. Nimefanya kazi miaka yote hiyo na sijawahi kuona kipimo hiki kikikosea.

Kitu kingine ni maji. Mkipanga kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, usianze na saa ya mkononi, anza na nahodha. Muulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Maji yakijaa, boti inakusogeza mpaka miguuni pa kisiwa. Yakitoka, boti inakaa mbali huko na wewe unashuka kwenye tope na viatu umevishika mkononi. Ukiwa na miaka ishirini hilo ni la kuchekesha, unapiga picha. Ukiwa na magoti mabovu, ndiyo mwisho wa safari. Na kibali cha kuvuka chukueni Kilwa Masoko siku moja kabla, msiende kukiomba boti imeshawasha injini. Haya mambo ya maji na kibali nayajua vizuri kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Mpapura, na yeye ndiye hasa niliyekaa hapa kumwandika.

Anaitwa Bi Fatu. Mkulima wa korosho na mihogo, mjane, amezaa sita. Mtoto wake Rukia, anayefanya kazi Dar, alinipigia simu ofisini. Maneno yake nayakumbuka kama alivyoyasema: "Dada Mwanaidi, mama yangu anataka kutembea. Maisha yake yote anatamani kutembea, hajapata nafasi. Nimechukua likizo nije nimtembeze. Nataka atembee mpaka aseme mwenyewe basi."

Mnaona lilipo shimo? Mimi sikuliona. Kwenye ofisi yetu bosi alikuwa ametengeneza fomu yenye visanduku viwili tu. Kimoja kimeandikwa GARI, cha pili kimeandikwa KUTEMBEA, yaani mgeni anayepita mitaani kwa miguu. Neno hilohilo moja! Rukia alimaanisha mama yake anataka kusafiri, kuona dunia. Mimi, kichwa kimejaa fomu, nikatia tiki kwenye kisanduku cha pili kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Anapenda sana." Nikampangia Bi Fatu, kabla ya kwenda Kilwa alikotaka, asubuhi nzima ya kupanda na kushuka Mikindani kwa miguu, mpaka kilimani juu ya boma.

Tukaenda kumchukua Mpapura asubuhi, mimi, Rukia na Mzee Lukasi. Mara hii nilisafiri nao mwenyewe, maana Rukia aliomba. Bi Fatu alitoka amejifunga khanga mpya, kitambaa kichwani kimekaa sawa, na mkononi ana fimbo. Nikaiona ile fimbo. Nikajiambia moyoni, aah, fimbo ya urembo tu. Mwe! Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Njiani ndipo nilipoelewa safari ile ilikuwa na uzito gani. Nilimuuliza, kwa kuchangamsha gari, kwa nini ameichagua Kilwa. Akacheka kwanza. Halafu akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

"Nina wifi yangu Ziwani," alisema. "Dada wa marehemu mume wangu. Anaitwa Sharifa. Huyo alikwenda Kilwa zamani, na kikundi chao cha akina mama. Tangu arudi, mwanangu, sijapata raha. Tukikaa kwenye harusi, 'nilipokuwa Kilwa'. Tukikaa msibani, maiti hata haijatoka, 'nilipokuwa Kilwa'. Nikifungua mdomo kuchangia neno, ananiambia mbele za watu, 'Nyamaza, Fatu, wewe hujatembea.'"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Nitamjibu nini? Kweli sijatembea. Kutoka Msimbati nilikozaliwa mpaka Mpapura nilikoolewa, ndiyo dunia yangu hiyo." Akatazama nje. "Wiki ijayo anaoza mjukuu. Ukoo wote utakuwa Ziwani. Nimeapa, nisipoingia kwenye ule msikiti mkubwa wa Kilwa kwa miguu yangu, siendi kwenye hiyo harusi. Waseme naumwa."

Rukia akanibonyeza mguu. Mama hakuwa anatania. Asipokwenda kwenye harusi ya mjukuu, ukoo ungegawanyika mapande mawili, na mimi ndiye niliyeshika ratiba.

Tukafika Mikindani. Mzee Lukasi akapaki chini, karibu na maji, kama ratiba ilivyosema. Tukaanza kupanda. Hatua ya kwanza mpaka ya kumi alikuwa anazungumza. Ya kumi mpaka ya ishirini akanyamaza. Kisha akasimama, akaegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, unanipeleka wapi?"

"Juu kule bibi, kwenye boma. Ni pale tu."

"Pale, au paaale?"

Nikashindwa kusema uongo. "Paaale, bibi."

Akajivuta mpaka kwenye baraza ya nyumba moja ya mawe, akaketi, akapandisha khanga kidogo. Magoti yamevimba, yanang'aa. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Nikatoa ile fomu kwenye mkoba, nikaisoma tena, nikaiona tiki yangu nyekundu, na ndipo neno lilipofunguka kichwani. Kutembea! Mtoto wa watu aliniambia mama anataka kutembea, na mimi nimemleta mwanamke wa umri huu kukwea mlima.

"Nirudisheni Mpapura," alisema Bi Fatu, sauti ndogo. "Sharifa kasema kweli. Mimi si mtu wa kutembea."

Nilimpigia bosi. Alikuwa mtu wa hesabu fupi. "Mrudishe mama wa watu kabla hajaanguka," akasema, akakata. Rukia alikuwa amempa mgongo mama yake, anafuta macho. Na mimi, ndiyo, nililia. Nilikuwa mpanga safari wa miaka mingi wakati ule, na watu wazima wenzangu wakinisifu, na nililia pale barabarani kama nimepoteza mtoto.

Mzee Lukasi hakulia. Alikuwa hayupo. Tulipogeuka kumtafuta tukamwona anakuja kutoka kwa mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kuchemsha, kando ya njia, amebeba kichwani kiti cha plastiki, kile cheupe cha shughulini, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Mama wa ming'oko anamfuata nyuma, "We mzee, kiti changu hicho!" Mzee Lukasi akakiweka mbele ya nyumba ya jirani, yenye mlango mkubwa wa nakshi, upande wenye kivuli. Akainama.

"Shikamoo, mama. Njoo ukae hapa. Leo hutembei wewe. Leo nji utatembea mbele yako."

Nadhani Bi Fatu alikwenda kukaa kwa heshima tu, kwa sababu mzee mzima kamwamkia shikamoo, na yeye mwenyewe hakumzidi mzee huyo sana umri. Hatua saba. Akaketi. Mama wa ming'oko, alipoona mambo ni mazito, akasahau ugomvi, akaleta na sahani.

Jamani, niwaambieni kilichotokea. Hatukumaliza dakika kumi mlango ule ukafunguka. Akatoka mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, kuona ni nani amekaa kwake. Wakaamkiana. Wakaulizana watu wa wapi. Kumbe bibi yake mwenye nyumba alikuwa wa Msimbati, wakaanza kutafutana ukoo kwa ukoo. Tukakaribishwa ndani. Mimi nilikuwa nimewapitisha wageni mbele ya mlango ule mara zisizo na idadi, nimewasimamisha, nimewaambia tazameni nakshi, haya twendeni, na sikuwahi hata siku moja kujua nyuma yake kuna ua wenye kisima na chumba chenye vishubaka ukutani walikokuwa wanaweka vyombo vya thamani. Bi Fatu alivishika kimoja kimoja. Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Twende Kilwa," akasema.

Nikaichana ile ratiba mbele yake. Karatasi nne, vipande vipande. Mama wa ming'oko akatuuzia kiti huku anacheka, na tangu siku ile mpaka ninastaafu, hakuna gari lililotoka ofisini kwetu bila kiti cha plastiki nyuma. Mnapopanga safari yenu, wekeni kiti. Hata kama magoti yenu ni mapya. Mji wa zamani ukiukimbilia unakuonyesha kuta tu. Kaa chini, watu watoke, wakuulize wewe ni nani.

Ratiba mpya niliiandika kwenye paja langu garini. Siku moja, kitu kimoja. Usiku ule tulilala palepale Mikindani, hatukwenda popote. Kesho yake Lindi, asubuhi tu, tukaweka kiti mbele ya maghorofa ya zamani, alasiri Bi Fatu akalala na feni inazunguka, akaniambia hajawahi kulala mchana tangu aolewe. Siku ya tatu tukaendesha taratibu mpaka Kilwa Masoko, tukasimama kila alipotaka kusimama, nikachukua kibali, nikamtafuta nahodha. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Nahodha akaniambia, "Mkichelewa, bibi atavuka tope." Nikamwambia, "Sisi tutakusubiri wewe." Bosi alipiga simu mara tatu. Sikupokea hata moja.

Asubuhi ya nne maji yalikuwa juu kabisa. Mabaharia wawili wakamnyanyua Bi Fatu na kiti chake, wakamweka ndani ya boti ya injini kama bibi harusi. Alifumba macho njia nzima, amenishika mkono, kucha zake zimeingia kwenye nyama yangu na sikusema kitu. Tulipogusa ng'ambo akauliza, "Tumeshafika?" Nikamwambia tumefika. Akafumbua jicho moja kwanza.

Kutoka pwani ya kisiwa mpaka ule msikiti mkubwa, kijana anakwenda huku anachati. Sisi tulitumia asubuhi yote. Hatua kumi, kiti. Hatua kumi na mbili, kiti. Mzee Lukasi akitangulia kutafuta kivuli, mimi na Rukia mmoja kulia mmoja kushoto, mabaharia nyuma na kiti. Lilitupita kundi la wanafunzi wa chuo na mwalimu wao, wakatupungia mkono. Baadaye tukakutana nao wanarudi, wamemaliza kila kitu, wanatafuta maji baridi. Tulipofika karibu kabisa mabaharia wakataka kumbeba aingie na kiti. Bi Fatu akawanyooshea fimbo.

"Niacheni. Hapa naingia kwa miguu yangu."

Akavua makubazi. Akasema "Hodi!" kwa sauti ya kuamsha watu, halafu "Bismillahi", akaingia. Kuba zimepangana juu, nguzo zimepangana chini, upepo unapita katikati. Rukia alikuwa analia tena, sasa kilio kingine. Mimi nilikuwa nimeshika makubazi ya Bi Fatu kifuani na nilijiona mkubwa kuliko siku zote za kazi yangu.

Bi Fatu hakutazama juu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. Akaguna.

"Chokaa," akasema. "Chokaa yetu."

Mlinzi wa pale, kijana mpole, akamwambia ndiyo bibi, zamani walijenga kwa chokaa. Bi Fatu akamgeukia. "Wewe umewahi kuichoma?" Kijana akasema hapana. "Mimi nimeichoma. Msimbati, nikiwa binti. Tulikuwa tunabeba matumbawe kichwani mpaka shingo inaingia ndani. Unapanga magogo duara, juu yake unapanga matumbawe, katikati unaacha tundu la kuwashia. Moto unawaka mpaka mawe yanakuwa meupe, halafu unayaacha yapigwe na mvua, yalale, yapoe hasira. Ukiharakisha, ukuta unapasuka." Akapapasa ukuta tena. "Hawa hawakuharakisha."

Wale wanafunzi walikuwa wamerudi kuchungulia. Mmoja akatoa daftari. Mwingine akakaa chini kwenye jiwe. Mwalimu wao akaomba ruhusa kwa adabu, "Shikamoo bibi, unaweza kurudia pale kwenye tundu la kuwashia?" Marahaba, akarudia. Wakauliza matumbawe ya kuokota au ya kuchimba, wakauliza wanawake walifanya nini na wanaume walifanya nini. Mlinzi mwenyewe akawa anaandika kwenye kiganja. Kiti kikaletwa, Bi Fatu akaketi katikati ya msikiti mkubwa wa Kilwa, watu wamemzunguka, na yeye ambaye kwao hupewa zamu ya mwisho ya kuongea akawafundisha watu wa chuo mpaka akaomba maji.

Wanafunzi walipoondoka, alimwambia Rukia, "Nipigie Sharifa."

Rukia akapiga, akaweka sauti ya wazi ili mama asihangaike na simu. Sote tulisikia.

"Wifi," alisema Bi Fatu, "niko Kilwa. Ndani ya msikiti."

Sauti ikaja upande wa pili, ile ile ya kujua kila kitu, kama nilivyosimuliwa. "Aaa, hongera. Naujua sana huo. Si ule wenye mnara mrefu? Mimi nilipanda mpaka juu kabisa, nikaiona na bahari."

Rukia akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Lukasi akatazama juu, kushoto, kulia, akanitazama mimi. Wanangu, pale hapana mnara. Hata kipande. Pana kuba, pana nguzo, pana kuta, mnara hakuna. Sharifa hakuwahi kufika.

Bi Fatu naye alijua. Niliona linavyomwingia, taratibu, miaka yote ile ya harusini na msibani inamrudi usoni. Alikuwa na neno moja tu la kusema na ukoo mzima ungelisikia wiki ijayo. Rukia alikuwa anamtingishia kichwa kwa nguvu: sema, mama, sema!

Bi Fatu akaivuta simu karibu na mdomo.

"Ndiyo huohuo, wifi," akasema. "Ila mimi mnara sijauona, macho yangu haya yamechoka. Korosho tukishauza, tuje wote wawili, unionyeshe ulipo."

Tukasikia jogoo anawika huko Ziwani. Halafu Sharifa akaongea, na ile sauti ya kujua kila kitu haikuwepo tena.

"Wifi... hivi hiyo boti, inatikisika sana?"

"Kidogo tu, Sharifa," alisema Bi Fatu. "Utafumba macho, mimi nitakushika mkono."